Profesa aliyeiuliza ChatGPT "hii umeandika wewe?": kisa cha Texas, Mei 2023

Kisa ni cha Texas, chuo kilikuwa kinaitwa Texas A&M University–Commerce (mwishoni mwa 2024 kikabadili jina, sasa ni East Texas A&M). Mji wenyewe mdogo tu, uko kaskazini mashariki mwa Dallas, na chuo ni cha kawaida, sio vile vya kutajwa tajwa kwenye TV. Nimechagua hiki kwa sababu kesi nyingi za AI (akili mnemba) vyuoni ukizifuatilia zinaishia neno la huyu dhidi ya neno la yule, hapa ushahidi ulianikwa wote na unaona kabisa kosa liliingilia mlango gani. Na lile kosa watu bado wanalirudia mpaka leo, huku kwetu pia.

Ilikuwa hivi. Darasa la sayansi ya wanyama, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mahafali imeshapita wikiendi, kuna walioshavaa joho wakapiga picha na wazazi. Jumatatu inaingia meseji ya lekchara wao, ndiye yule profesa, kwenye barua pepe. Anasema kafungua akaunti yake ya ChatGPT (kwenye meseji kaiandika "Chat GTP", hapo tu mtu ungeanza kuingiwa na wasiwasi), kachukua asaimenti tatu za mwisho za kila mwanafunzi, anakopi anapesti, programu inamwambia kama imeiandika yenyewe au la. Kila kazi kaipitisha mara mbili, na kama mara zote mbili ChatGPT imedai ni yake, basi una 0. Kwenye matokeo watu wakakuta X, yaani somo halijakamilika, na bila somo kukamilika cheti hakitoki. Akawaachia nafasi ya kufanya kazi nyingine ya kufidia.

Wanafunzi wakachachamaa. Wengine wakamtumia ushahidi, picha za Google Docs zinazoonyesha lini wameanza kuandika, lini wamefuta, lini wamerudi. Majibu yaliyokuja kwenye mfumo wa kusahihishia ni kwamba yeye hasahihishi upuuzi wa AI, na neno alilotumia lilikuwa kali kuliko upuuzi. Basi mchumba wa mwanafunzi mmoja akaimwaga meseji yote Reddit, ule mtandao wa mijadala, na ndani ya siku mbili tatu jarida la Rolling Stone na gazeti la Washington Post wote wanaandika habari ya kachuo kadogo ka Texas.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, maana wengi wakisikia hiki kisa wanacheka tu afu wanapita, hawakai wakauliza kwa nini mtu mwenye PhD, aliyefundishwa utafiti, alifika pale.

Ukimweka kwenye mazingira yake unaanza kumuelewa. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Hii semista ilikuwa ya kwanza nzima ambayo kila mwanafunzi mwenye simu anayo. Mwalimu pengine anasoma kazi zimenyooka kuliko alivyozoea, anahisi kitu, na ukweli ni kwamba hisia zake hazikuwa za bure (nitarudi hapo). Chuo wakati huo hakina sera ya AI iliyokamilika, baada ya hili sakata ndio kikasema kinatengeneza. Kwa hiyo yuko peke yake, tarehe za kupeleka matokeo zimefika, na mbele yake kuna programu inayojibu kila kitu kwa kujiamini. Akaiuliza.

Tatizo ni kwamba hili swali ChatGPT haina pa kulitolea jibu. Wengi wanadhani ile kitu ina daftari mahali, kila insha iliyomwandikia mtu imehifadhiwa, ukiipa insha inaenda inatafuta inarudi na jibu. Hakuna. Ulipokuwa unaongea nayo 2023 ilikuwa haioni mazungumzo ya mtu mwingine yeyote. Inachofanya ni kukadiria maneno gani yanafaa kufuata baada ya yale uliyoyaandika, basi. Ukiipa aya imenyooka ukaiuliza wewe ndo umeandika, jibu la "ndiyo, inawezekana niliiandika mimi" linakuja vizuri tu kwa sababu ni jibu linalokaa vizuri baada ya swali la namna hiyo, halijatoka kwenye kumbukumbu yoyote. Ni sawa na kwenda kwa mganga ukamuuliza nani kaniroga, jina utapewa tu, huwezi kuondoka mikono mitupu. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, baadaye mwaka huohuo wakaandika kwenye maelezo yao kwa walimu kwamba ChatGPT haijui maandishi gani yametokana na AI na ukiiuliza swali hilo wakati mwingine inatunga jibu.

Na kule kujaribu mara mbili ndio kunaniuma zaidi, maana pale alikuwa anatafuta haki kwa dhati. Ila kurudia kipimo kibovu mara mbili hakukifanyi kizima. Kama kitu kina tabia ya kukubali, kitakubali mara mbili, hata mara kumi.

Kilichotakiwa ni kitu kidogo mno, na ndio kiini cha kisa kizima kwa maoni yangu: hakukipima kipimo chake kwenye maandishi ambayo jibu lake tayari analijua. Angechukua asaimenti za wanafunzi wa 2019, kabla hiyo ChatGPT haijawepo, akapesti. Au angechukua kazi yake mwenyewe. Dakika tano tu. Maabara ya hospitali yoyote haianzi kupima damu za watu bila kupitisha kwanza sampuli inayojulikana, na huyu ni mtu wa sayansi, mambo ya kundi la ulinganisho sio mageni kwake.

Hicho kipimo kikaja kufanywa na watu wasiomjua kabisa. Mtu mmoja Reddit akaenda akatafuta kipande cha andiko la udaktari la profesa mwenyewe, la kabla ChatGPT haijatoka, akalipesti, akauliza swali lilelile. ChatGPT ikajibu ndiyo, hili lingeweza kabisa kuwa limetengenezwa na programu kama mimi. Yaani kwa sheria aliyowawekea wanafunzi wake, na yeye PhD yake ni X.

Mwisho wa habari rasmi ulikuwa wa kimya kimya. Chuo kikatoa tamko kwamba hakuna aliyefeli somo wala kuzuiwa kugradueti kwa sababu ya hilo suala, kuna waliosafishwa wakapewa alama zao, kuna mmoja aliyejitokeza kukiri kwamba alitumia ChatGPT, na kuna kadhaa walioamua kuandika ile kazi mpya.

Mmoja alikiri. Hapo ndio watetezi wa profesa wanaposimama, na wana hoja, kwa sababu udanganyifu ulikuwepo kweli. Msidhani mimi naandika hapa kuwatetea wanaopesti. Chuo cha Reading Uingereza watafiti walifanya jaribio, wakatengeneza wanafunzi hewa 33, wakawaandikia majibu ya mitihani ya saikolojia kwa AI bila kubadilisha kitu, wakachanganya na ya wanafunzi wa kweli bila wasahihishaji kujua. Matokeo yakatoka Juni 2024: asilimia 94 ya yale majibu ya AI hayakushtukiwa, na kwa sehemu kubwa yakapata alama za juu kuliko za binadamu. Kwa hiyo lekchara anayesema "wananidanganya na siwaoni" yuko sahihi kabisa. Anakokosea ni pale anapohama kutoka "kuna wanaodanganya" kwenda "ni wewe, na wewe, na wewe".

Na huyo aliyekiri, angalia vizuri amepatikanaje. Utasema vitisho vimemtoa, sawa, inawezekana. Lakini ChatGPT haikumtofautisha na wenzake waliosafishwa, kazi za wote ilidai ni zake. Kilichomtofautisha ni kwamba aliongea.

Kuna mtu atasema hiyo ilikuwa 2023, profesa alitumia kitu kisicho cha kazi hiyo, angetumia mashine maalumu za kugundua AI. Haya. Wakati anatuma ile meseji, OpenAI walikuwa tayari na mashine yao ya kugundua, waliitoa tarehe 31 Januari 2023, na waliweka namba zao hadharani bila kuficha: inakamata asilimia 26 ya maandishi ya AI, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu inayasingizia. Piga hesabu na mimi. Chukua darasa la watu 100, tuseme 20 wametumia AI. Mashine itawakamata 5. Wale 80 wasio na hatia, asilimia 9 yao ni 7. Kwa hiyo umeita watu 12 ofisini na wengi wao hawajafanya kitu, huku wadanganyifu 15 wako kantini wanakunywa soda. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo wakaizima, wakasema usahihi wake uko chini. Wenye ChatGPT hao, waliotengeneza kitu chenyewe.

Turnitin, wale wa mfumo wa kukagua kazi zilizokopiwa, nao walileta ya kwao Aprili 2023, wakisema makosa ya kusingizia kazi nzima hayafiki asilimia 1. Inasikika vizuri mpaka uiweke kwenye idadi. Chuo cha Vanderbilt, Marekani hukohuko, wakakaa wakapiga hesabu: 2022 walipitisha kazi 75,000, asilimia 1 yake ni kazi kama 750 zinazosingiziwa kwa mwaka. Agosti 2023 wakaizima. Australia, chuo cha Australian Catholic University, waliendelea nayo, na kwa hesabu zilizoripotiwa na ABC, shirika la utangazaji la huko, 2024 peke yake kesi za tuhuma za udanganyifu zilikaribia 6,000, nyingi sana za AI, karibu robo zikatupwa baada ya uchunguzi. Machi 2025 na wao wakaiacha. Fikiria tu mwanafunzi wa uuguzi anayesubiri kazi, miezi inapita, karatasi yake ya matokeo imeandikwa yanasubiriwa, afu mwisho anaambiwa samahani.

Kwa nini hili linatuhusu na sio umbea wa Wamarekani tu. Sisi tumezoea ile ripoti ya kufanana, inayoonyesha kazi yako imefanana kiasi gani na maandishi mengine. Supavaiza anakuambia dizeteshen yako ishuke chini ya asilimia fulani ndio isainiwe, na watu wanahangaika kubadilisha maneno usiku kucha. Ile ripoti ina kasoro zake nyingi lakini ina kitu kimoja kizuri, inakuonyesha chanzo. Sentensi imepakwa rangi, ukibonyeza unaona imetoka tovuti ipi, unaweza kubisha, ukasema hii ni nukuu nimeiwekea alama, hii ni jina la sheria, hii ni kazi yangu mwenyewe ya nyuma. Asilimia ya AI haina chanzo nyuma yake. Inakuambia 68, pengine na sentensi inazozishuku, basi. Hakuna ukurasa wa kulinganisha, hakuna cha kubisha nacho, unabaki unajitetea dhidi ya namba. Na kwa vile zote mbili zinakuja kama asilimia kwenye mfumo uleule, walimu wengi wanazisoma kwa jicho moja. Hili ndilo linanitisha kuliko kisa cha Texas chenyewe.

Afu kuna suala la Kiingereza. Watafiti wa Stanford 2023 walichukua insha 91 za TOEFL (mtihani wa kupima Kiingereza), zimeandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao, wakazipitisha kwenye mashine 7 za kugundua AI. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 zilisingiziwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane zikapita karibu zote salama. Sababu ni kwamba hizi mashine zinapima jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu aliyejifunza Kiingereza darasani anatumia maneno aliyo na uhakika nayo, sentensi ile ya kitabu, kiunganishi kilekile alichofundishwa form two. Kinachochekesha kwa uchungu ni kwamba wale watafiti waliiambia ChatGPT izipambe zile insha kwa maneno mazito zaidi, zikarudi kwenye mashine, na kusingiziwa kukashuka mpaka kama asilimia 12. Yaani ukitaka uonekane binadamu, ipe AI ikuandikie.

Na tusisahau kwamba kupima maandishi hakukutosha kumjua mwandishi hata kabla ya AI. Kenya kuna vijana wengi walioishi miaka kwa kuandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, wengine wamelipia ada za wadogo zao kwa hiyo kazi. Zile insha zilikuwa mpya kabisa, zimeandikwa kwa akili ya mtu, zinapita Turnitin bila doa, na aliyepewa digrii hajaandika hata mstari. Ilipokuja ChatGPT kazi zao zikapungua. Sijasikia mashine iliyowahi kuwagundua hawa, na sidhani itakuwepo, maana kasoro haikuwa kwenye maneno.

Turudi Texas. Nikiwekwa mimi kwenye kiti cha yule lekchara na wasiwasi uleule, nadhani ningewaita mmoja mmoja, dakika kumi tu, kazi yako hii hapa mezani. Hapa umeandika kuhusu chakula cha ng'ombe wa maziwa, kwa nini umechagua hiki na sio kile, hiki chanzo ulichokitaja kilisema nini, aya ya tatu ulimaanisha nini. Mtu aliyeandika mwenyewe anaweza kusahau kitu, anaweza kubabaika, ila anajua insha yake ina nini ndani. Aliyepesti anaanza kuisoma pale mezani kama anaiona mara ya kwanza. Haihitaji umeme hata. Wanafunzi 30 ni saa tano, ni kazi kweli, na kwa madarasa ya huku kwetu ya watu 400 haiwezekani kwa wote, lakini kwa wale unaotaka kuwanyima cheti inawezekana, tena ni lazima.

Na ile historia ya Google Docs asingeikataa bila kuitazama. Ukiifungua inaonyesha mtu alivyokuwa anaandika: saa nne usiku aya mbili, zimekaa, kesho yake aya ya kwanza imefutwa yote, neno limekosewa likarekebishwa, amekwama katikati ya sentensi dakika ishirini. Ya aliyepesti inaonyesha ukurasa mtupu afu ghafla maneno 900 kwa mpigo mmoja. Sio ushahidi wa kufunga mjadala, mjanja anaweza kuiweka AI kwenye simu akawa anachapa polepole kwenye laptopu, lakini ni kitu unachoweza kukitazama wewe na mwanafunzi mkiwa mmekaa pamoja, mkabishana. Kuna waliosafishwa Texas kwa njia hiyohiyo.

Kwa mwanafunzi anayesoma hapa, andikia mahali panapotunza historia, usiandike kwenye WhatsApp uje upesti, maana hata kama ni ya kwako itaonekana imedondoka yote mara moja. Tunza madesa yako, picha za daftari, ile drafti mbovu ya kwanza. Ukishutumiwa usikimbilie kulia wala kukiri ili yaishe, omba kwa maandishi kipimo gani kimetumika na kilijaribiwa kwenye nini, na omba uulizwe maswali kuhusu kazi yako mbele ya mtu wa tatu.

Hapo kwenye kukiri ili yaishe ndipo ninapobaki na wale kadhaa wa kwenye tamko la chuo, walioamua kuandika kazi mpya. Waliosafishwa tunajua walisafishwa, aliyekiri tunajua alikiri. Hawa wengine sio huku wala kule. Inawezekana kati yao kuna waliodanganya kweli wakaona wamepewa mlango wa nyuma wakapita haraka. Inawezekana pia kuna ambaye aliandika kila neno lake, ila aliandikia kompyuta ya maktaba, hana historia ya kuonyesha, ana ofa ya kazi inataka cheti wiki ijayo, akapiga hesabu akaona kuandika insha nyingine ni rahisi kuliko kupigania ile ya kwanza. Kwenye tamko la chuo wote wamewekwa fungu moja, na kama kati yao kuna waliodanganya na kuna wasio na hatia, hatuna pa kuwatofautishia.